Vitabu Tulivyofungia Mihogo

Harufu ya kitabu, kwangu mimi, ilikuwa kwanza harufu ya mafuta ya nazi yaliyokwisha kukaangiwa mihogo. Nyumba yetu ilikuwa Mingoyo, hatua chache kutoka njia panda, ambapo mabasi ya Lindi, Mtwara na Masasi yalisimama kidogo na abiria wakanunua chakula kupitia madirishani. Bibi, mama mzaa baba, alikaanga. Dada yangu Somoe, aliyekuwa na mimba ya kwanza na ambaye mumewe alikuwa amekwenda Mafia kutafuta kazi, alimenya. Mimi, binti wa miaka kumi na mmoja, nilifunga. Mifuko ya plastiki ilikuwa haijaenea, na karatasi ilikuwa ya shida. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipofariki, jamaa zake walichukua kitanda, baiskeli na redio, wakamwachia Bibi kasha zima la vitabu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyevitaka.

Bibi hakuchana ovyo. Kitabu chenye herufi za Kiarabu hakikuguswa, maana huenda kikawa na jina la Mungu ndani yake. Kilikuwa kimoja tu. Alikiviringisha kwa kitambaa cheupe, akakiweka juu ya kabati. Siku moja nilikishusha, nikatumia elimu yangu ya chuo cha Kurani, nikakuta ni Kiswahili kitupu: maelezo ya kupika halua na kutia achari. Nilipomweleza Bibi alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hata kama. Herufi ni zile zile," akakirudisha mahali pake. Vitabu vingine vyote vilikuwa halali, ila uteuzi alinipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyevisoma. Kila asubuhi, akishaitikia shikamoo yangu, aliniuliza: "Haya, mke mwenzangu, leo tunamchinja nani?"

Tulichana kuanzia mwisho, ambako gundi ilikuwa imelegea, na kwa sababu hiyo nilizoea kuuwahi mwisho kabla abiria hawajaondoka nao. Riwaya ya upelelezi iliyopoteza jalada niliisoma hivyo. Nilimjua muuaji tangu siku ya kwanza, kisha nikarudi mwanzo na kumtazama akiingia msibani, akimpa pole mama wa marehemu, akinawa mikono ili ale na wafiwa. Wengine huisoma riwaya ya namna hiyo kwa shauku. Mimi niliisoma kwa huzuni, na sijaona kitabu kilichonionyesha wazi zaidi jinsi uovu unavyoweza kuwa na adabu. Utenzi nilimsomea Somoe kwa sauti, na kisu chake kilifuata mizani juu ya mhogo. Kitabu cha jiografia kilinipa bahari zinazoganda, jambo ambalo Bibi alilikataa katakata. Kile cha historia ya miji ya pwani kiliipa Kilwa sura nzima na Lindi mstari mmoja, nikakichukia kwa wiki nzima kabla sijakitoa.

Kulikuwa pia na kitabu cha wakunga wa vijijini, chenye sentensi fupi na kavu. Nilikisoma kwa kujificha, kwa ajili ya michoro yake. Ukurasa mmoja ulisema kwamba mja mzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa sana, akaona vimulimuli, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojewe. Hakikuwa na kisa wala vina. Katika kasha lote hicho ndicho nilichokithamini kidogo kuliko vyote.

Masika yalipoanza vilikuwa vimebaki vitatu: riwaya, utenzi na hicho. Bibi alipouliza, nilijibu bila kusita, "Cha wakunga." Somoe alicheka. "Masikini, hata wa kumlilia hana!" Hadi alasiri mabasi yalikuwa yamekibeba chote, ukurasa baada ya ukurasa, kuelekea Masasi na Mtwara.

Hazikupita wiki mbili, Somoe akaamka uso umemvimba na pete haitoki kidoleni. Alilalamikia kichwa. Karibu na adhuhuri aliweka kisu chini, akafikicha macho, akasema vimulimuli vinamchezea juu ya karai. Nilimwendea Bibi.

"Bibi, kitabu kimesema apelekwe hospitali leo."

"Kitabu kipi?"

"Cha wakunga."

"Kilete, konda wa basi atusomee."

"Tulikichana, Bibi."

Alinitazama bila ukali. "Mimi nimezaa saba, mjukuu wangu. Mja mzito huvimba. Lingekuwa neno la maana, usingelitoa likafungiwe mihogo."

Hoja yake niliiona sahihi. Basi la Lindi lilikuwa limesimama mbele yetu, injini inanguruma, na ningeweza kumwambia dereva, au jirani, au Somoe mwenyewe. Lakini nililelewa kwamba mkubwa huambiwa mara moja tu. Nikarudi kufunga.

Alasiri Somoe alianguka kando ya jiko, mwili umekakamaa, povu linamtoka. Wanawake wa jirani walisema amepandisha shetani. Ubani ukachomwa, fundi wa kupunga pepo akaitwa, akaketi kumhoji shetani jina lake na anachotaka, na alipokawia kujibiwa aliuliza upya kwa upole. Baada ya anguko la tatu ndipo Bibi mwenyewe aliposimama barabarani, akalisimamisha lori la mbao lililokuwa likienda Lindi. Hospitali walimwokoa mtoto, binti. Somoe hakuzinduka.

Leo ninafundisha fasihi, na vitabu vyangu vina kurasa zao zote. Kina mama wa Mingoyo hufundishwa dalili zile kliniki, kwa maneno yanayokaribiana sana na yale ya kitabu chetu, na hakuna anayeombwa auonyeshe ukurasa. Binti wa Somoe, Rehema, alilelewa na Bibi mpaka Bibi alipofariki, kisha nikamlea mimi. Mwaka jana, akiwa na mimba yake ya kwanza, alikuja kwangu na kuniuliza kama siku ile kulikuwa na mtu aliyejua. Nilimwambia kwamba nilijua mimi, kwamba nilikuwa nimesoma, na kwamba kitabu kile nilikitoa kwa kinywa changu ili nibaki na riwaya. Alikiweka kikombe chini, akachukua mkoba wake, akasema, "Kwaheri, mama mdogo."

Alijifungua salama mwezi uliofuata. Habari hiyo niliipata kwa watu wengine.