Upande Mkavu wa Ghala

Nilipokuwa mtoto, wembamba wangu ulikuwa na kazi moja tu ya maana. Mavuno yakikaribia, Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliinua paa la nyasi la ghala lake kwa mti, nami nikajipenyeza chini yake hadi ndani ya kile kikapu kikubwa cha fito, na bakuli la maji ya majani mkononi. Yalikuwa majani ya mwarobaini na kivumbasi, yaliyopondwa na kuchemshwa tangu asubuhi. Nilipaswa kupaka ukuta mzima na sakafu, maji yangali moto, kabla mahindi hayajaingia. Kwetu, nje kidogo ya Kisumu, unyevu wa ziwa haumwonei mtu huruma, na ghala lisilopakwa lilizaa ukungu.

Sharti lilikuwa moja: anayepaka haongei wala hasalimiwi.

"Ukifungua mdomo tu, chira itaingia kwa mahindi," Dani alinionya. Chira ni ile laana inayomfuata aliyevunja mwiko na kumkausha polepole. Niliiogopa kuliko mbwa wa jirani, na yule mbwa alikuwa ameshaniuma mara mbili.

Mwaka ninaoukumbuka ndio baba mdogo alipomwoa Anti Wairimu, binti wa wauza viatu wa mjini waliohamia kutoka Nyeri. Nilimpenda siku ile ile. Aliongea na kila kitu, hata kuku. Watu wa nyumbani walikuwa bado wanamtazama kama mgeni aliyekawia kuaga.

Siku ya kupaka, Dani alikuwa ameenda kisimani. Anti akapita karibu na ghala akasikia mkwaruzo.

"Nani huko ndani? Wewe mtoto, habari yako? Kuja nikupatie mandazi, ziko moto!"

Hakujua mwiko. Mimi niliujua vizuri sana.

"Nakuja, Anti!" nikaitika.

Nilikula mandazi matatu. Niliporudi maji yalikuwa yamepoa na mikono ilikuwa inaniwasha, na upande wa nyuma sikuwa nimeugusa. Nikamwaga yaliyobaki nyuma ya kibanda cha kuku, nikamwambia Dani nimemaliza.

Mvua zilipofika, mahindi ya upande wa nyuma yalitoka na ukungu wa kijani, yakinuka kama nguo zilizosahaulika majini. Dani aliyatupa yote, akakataa hata kuku wasipewe. Kisha akaniita mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Nani aliongea?"

Anti alikuwa amesimama pale na ungo wake. Nilimwangalia, nikaangalia chini.

"Anti alinisalimia."

Sikudanganya hata neno moja, na hadi leo sijawahi kusema jambo baya kuliko hilo. Anti alikatazwa kugusa ghala. Mwaka mzima alisimama mlangoni kwa Dani kila jioni na ungo, akingoja kupimiwa mahindi aliyoyapalilia mwenyewe. Aliacha kuongea na kuku.

Siku hizi nauza nafaka sokoni Kibuye, na ukungu naujua kwa pua kabla ya macho. Nimekuja kuamini kwamba Dani aliufunga mdomo wangu ili mikono yangu ifike hadi nyuma, maana mtoto anayepiga soga hamalizi kazi. Labda pia aliamini chira kwa moyo wote. Sikuwahi kumuuliza, na sasa amelala chini ya ule mwarobaini tuliokuwa tukichuma majani yake.

Ghala siku hizi ni la Anti. Mwaka jana nilimkuta akiponda kivumbasi, mvi zimemjaa, nikakaa chini kumsaidia. Ndipo nikamwambia yote: upande wa nyuma, maji niliyomwaga, yale mandazi. Nililia kama mtoto.

Anti hakuacha kuponda.

"Nilikuona ukimwaga," akasema. "Nilikuwa natoa nguo kwa kamba."

"Sasa mbona hukusema, Anti?"

"Ningesema, nani angeamini mgeni? Nilikuwa nakungojea wewe." Akanisogezea bakuli. "Paka, maji yasipoe."

Ghala la siku hizi lina mlango, nao unanitosha. Niliingia, nikapaka kuanzia upande wa nyuma, na sikutamka neno hadi nilipomaliza.