Mguu wa Mhariri

Mhariri wa filamu yetu huvua viatu kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, kwa sababu anauamini unyayo wake wa kulia kuliko masikio. Mama huyu ana vidole vyepesi na maneno ya kuhesabu, na chai yake hupoa kila siku pembeni ya kibodi. Jana nilimwonyesha tukio la wizi nililoliunganisha mwenyewe: mlinzi anapigwa, anaanguka, ngoma zinapamba moto na kamera inatimua mbio pamoja na wezi. Mguu wa mama ukaanza kudunda sakafuni. Akasimamisha picha.

"Umeona, mwanangu? Mguu umekimbia na wezi. Mlinzi tumemwachia nani?"

"Baba yangu ni mlinzi," nikasema kwa shida. "Na nimeshamwalika aje kuitazama filamu."

Alifuta ngoma zote, akaokota kipande nilichokuwa nimekitupa: kamera inabaki nyuma, inamsogelea mlinzi polepole, na redio yake ndogo bado inatangaza hali ya hewa. Akarudia tukio tangu mwanzo. Nikautazama ule mguu roho juu. Haukutikisika hata kidole. Nikashusha pumzi.

"Sasa mlete mzee," akasema, akivuta viatu vyake chini ya meza.