Isale Haikataliwi

Jumatatu nilikuwa duka la dawa hapa Majengo, nikisubiri dawa ya mafua, akaingia mzee wa Old Moshi anakohoa mpaka akashika kaunta.

"Binti, nipe dawa ya kuachia sigara."

Muuzaji akamwekea pakiti ya bablishi za ng'ambo. "Hizi, baba, hamu ikija unatafuna."

Mzee akafungua kinywa. Meno yalikuwa mawili, tena hayakutani.

"Nyingine?"

"Kuna plasta ya kubandika mkononi, ila mpaka iagizwe Nairobi."

Mzee akatoa mfukoni jani la isale lililokauka. Kwetu ukiletewa isale unaombwa jambo zito, na isale haikataliwi.

"Mama watoto alinipa hili akiwa kitandani, niache. Nikapokea. Juzi tumemzika."

Binti akainamisha kichwa.

Mzee akalirudisha jani kwenye mfuko uleule wa sigara, akatoka. Nikamkuta kibarazani, sigara mdomoni.

"Mwanangu, una kiberiti?"

Mimi niliacha tangu Pasaka, nikawatangazia ninyi wasomaji humu humu kwa majigambo. Lakini kiberiti nilikuwa nacho. Nikamwashia. Akaninyooshea na mimi moja, nayo sikuikataa.