Habari Tulizomficha Baba Mkwe

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku ile shemeji yangu Paluku alipouawa kwenye barabara ya Beni, wakati wa vita. Nilikuwa nimeolewa karibuni na mdogo wake, Kasereka, na tuliishi Kimemi, hapa Butembo, nyumbani kwa baba mkwe. Mzee alikuwa na tension, damu inapanda. Na kwetu wewe mwenyewe unajua: mtu wa tension haambiwi kifo. Basi tukajifungia jikoni, tukalia bila sauti, tukakubaliana. Paluku alizikwa Bungulu, kule Beni, baba yake akaambiwa amekimbilia Uganda.

Tulijiona wenye akili sana! Mzee alikula, alicheka. Vidonge vyake vya tension vilikuwa shida kupata, barabara zikiwa zimefungwa, na mama mkwe akasema, "Roho yake iko mutulivu. Dawa ya nini tena?" Hakuna aliyempinga.

Siku aliyoanguka hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa anachambua maharage ya Lubero huku ananitania kwamba bugali wangu ni mgumu. Neno likamkatikia mdomoni, upande wote wa kuume ukalegea.

Mama muuguzi wa kituo cha afya alitukasirikia.

"Mushipa wa damu iko sawa mupira ya kufungia mizigo ku baiskeli," alisema. "Ikivutwa kila siku inakauka, inakuwa mugumu, haivutike tena. Tension ilikuwa inaivuta hata wakati mzee anacheka. Ninyi mulikuwa munaangalia uso tu. Mulimupima lini?"



Baadaye Kasereka alimwambia baba yake ukweli, kwa sababu ndugu wa Beni walikuwa wanakuja kumwona, nao wangeitoa siri. Mzee alilia. Kisha akamshika mwanawe shati kwa mkono wa kushoto, akavuta, akavuta, akitaka kuuliza kitu, inatoka sauti tu. Tulimweleza yote tuliyoyajua. Akaendelea kuvuta. Alikufa hivyo, na mimi sijui hadi leo alikuwa anauliza nini. Inaniuma.

Kwa hiyo mwanangu, mwenye tension mpime hata kama anaimba. Dawa asiache eti amejisikia vizuri, na chumvi mpunguzie. Akifiwa, mwambie polepole, umemshika mkono, angali ana mdomo wa kuuliza.

Mungu akulinde, uzeeke na mishipa laini, kati ya watoto wanaokuambia ukweli.