Kosa la Nani

Neno la kwanza la Kiingereza ambalo Eduviges Tinoco alilijua sawasawa halikuwa asante wala tafadhali. Lilikuwa kosa. Kila mkanda wa kupitishia nyama uliposimama katika kile kiwanda cha kuku cha Cresswell, nyapara Gaddis alitoka ofisini mbio, mashavu yamemwiva, akibweka: "Kosa la nani? Nauliza, kosa la nani?" Na wanawake wote, kisu mkono huu, paja la kuku mkono ule, wakawa mabubu. Ndiyo iliyokuwa sheria yao wenyewe. Anayejibu ndiye anayefukuzwa, hata kama mkanda umekatika kwa uchakavu wake.

Basi miaka nenda miaka rudi Eduviges alisimama kwenye baridi ya kiwanda akijifanya hajui lugha. Kutojua ni blanketi, jamani. Nyapara akitukana, hujasikia. Akitaka ubaki baada ya zamu, huelewi. Aliuzoea ujinga huo wa kuvaa mpaka akarudi nao nyumbani, na hata binti yake Yareli hakujua kwamba mama yake anasikia karibu kila kitu, ni ulimi tu ulio mzito. Yareli alikuwa mkalimani wake tangu darasa la kwanza. Alimsemea kwa daktari, akamsemea kwa mwenye nyumba, na shuleni alimtafsiria mwalimu aliyekuwa akimshtaki yeye mwenyewe Yareli.

"Anasema mimi ni mchangamfu sana, Mama."

Kumbe mwalimu kasema mtoto huyu ana mdomo, hanyamazi hata akiambiwa. Eduviges akaitikia kwa kichwa, uso mkavu, akaja kucheka peke yake jikoni.

Sasa wale wanaosema alimleta mtoto Marekani kwa tamaa ya dola, wanipishe kidogo. Eduviges mwenyewe aliachwa. Mama yake aliondoka kijijini kwao, milimani Michoacán, akaenda kaskazini kutafuta riziki, akamwachia bibi katoto kasikojua hata kujifunga viatu. Aliporudi alikuta msichana mzima. Akamnyooshea mikono yote miwili, na msichana akampa mkono mmoja, kama anavyompa mwalimu mgeni. Hawakupatana tena mpaka mmoja wao akazikwa. Kwa hiyo zamu ya Eduviges ilipofika, mume ameshapotelea kwa mwanamke mwingine na mahindi yamekauka shambani, shangazi zake walimwambia, "Mwache mtoto, utatuma hela." Aliwatazama kana kwamba wamemwambia amtupe kisimani. Akamfunga Yareli mgongoni, miaka mitatu, anakohoa, wakaondoka.

Hilo ndilo kosa. Hilo hilo, hakuna jingine.

Yareli akakulia Cresswell, Georgia, akaapa kwa bendera kila asubuhi na wenzake, mkono kifuani. Mdomo ule ule ukaja kumfaa shuleni, akawa anashinda midahalo. Alitaka uuguzi. Lakini muuguzi hapewi leseni bila makaratasi ya ukaazi, na makaratasi hakuwa nayo. Serikali iliwahi kufungua mlango mdogo kwa watu kama yeye walioletwa wadogo, wakapewa kibali cha kazi cha miaka miwili miwili. Yareli alipofikia umri wa kuomba, mlango ulikuwa umefungwa na wakubwa wanavutana mahakamani. Msichana mwenye akili namna ile akaishia kuuza mikate ya sukari kwenye duka la Chela, yule aliyemsimamia ubatizo.

Halafu likaja vuguvugu la mswada Washington, kwamba walioletwa wadogo wapewe makaratasi ya kudumu. Lo! Mji ulichanika. Kinyozi alikosana na wateja, kwaya ya kanisa ikagawana viti. Vibao vilichomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba: hiki kinasema WAPENI, cha jirani kinasema SHERIA NI SHERIA, na nyumba zote mbili zinakula kuku wa Eduviges. Mbunge wao, Mheshimiwa Whitlock, akatangaza kwamba yeye hajaamua. Atakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa michezo wa shule awasikilize wananchi.

Aliyemwandaa Yareli kusema alikuwa Bi Pruitt, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa. Mwanamke mwema, simsengenyi. Lakini wema nao una makali yake. Walikaa chumba cha nyuma dukani kwa Chela, kwenye harufu ya mdalasini, Eduviges naye pembeni anakunja masanduku ya mikate.

"Pale usiharakishe," Bi Pruitt alisema. "Nilikuwa na miaka mitatu. Sikuvunja sheria yoyote. Si kosa langu. Hapo ndipo mioyo inapolainika, mpenzi."

Chela aliuacha unga. Yeye alikuwa na makaratasi tangu enzi za zamani, kwa hiyo hakumwogopa mtu. "Haya, si kosa lake," alisema kwa Kihispania. "Basi la nani? La mbuzi?"

Bi Pruitt hakuelewa, akatabasamu.

"Shangazi Chela, acha," Yareli alisema. "Wote wanasema hivyo. Ndivyo inavyosemwa."

"Wote wanawauza mama zao?"

"Hakuna anayemuuza mtu!" Yareli alimgeukia mama yake, sauti ikalainika. "Nitasema tu ulinileta nikiwa mdogo, Mama. Basi."

Eduviges aliendelea kukunja sanduku. Alikuwa amesikia kila neno, na lile moja alilisikia kwa sauti ya Gaddis. "Chela, mikate yako inaungua," alisema. Kisha akamwambia binti yake, "Sema chochote kinachofungua mlango, mama. Mgongo huu ulikubeba wewe mzima. Utashindwa kubeba neno?"

Na kweli alidhani utaweza.

Jumamosi Chela alimkataza kwenda. Mtu asiye na makaratasi anajipeleka kwenye ukumbi wenye polisi mlangoni, ana wazimu? Eduviges akavaa blauzi yake ya kanisani, akaenda, na Chela ikambidi amfuate. Walikaa nyuma kabisa, viti vya karibu na mlango. Ukumbi ulifurika, watu wamesimama hadi chini ya magoli ya kikapu.

Stiles, mwenye duka la matairi, ndiye aliyeanza. "Mwizi akiniibia gari akampa mwanawe, mtoto ni malaika, sawa. Lakini gari si nirudishiwe?"

"Mwanao mwenyewe ameiba ngapi, Stiles?" mtu alipaza sauti, ukumbi ukaangua kicheko.

"Rudini kwenu!"

"Kwetu ni mtaa wa Oak, nyuma ya kwako! Unaazima ngazi yangu kila masika!"

Whitlock aligonga meza, anatabasamu. Yeye alikuwa anapendwa na pande zote, na alikusudia kuondoka hivyo hivyo.

Kisha akasimama Bi Ligaya, muuguzi wa hospitali, mtu wa Ufilipino, mfupi, amevaa sare ya kazi. "Mimi niliwaacha wanangu Manila," alisema. "Niliwaacha kwa dada yangu nikapanga foleni ya makaratasi, nikaja kihalali, nikawangojea miaka kumi na mmoja. Mdogo aliposhuka kwenye ndege aliniita Auntie. Sasa mnaniambia aliyeruka foleni na mtoto wake mkononi, yeye apewe? Mimi nilikuwa mjinga, basi? Niambieni nilikuwa mjinga, niende nikawaambie wanangu." Hakulia. Alikaa, akaufumbata mkoba wake.

Eduviges alitaka kumchukia mwanamke yule akashindwa. Alimwona moyoni mtoto yule uwanja wa ndege, alijua hata mkono gani ulinyooshwa. Alitamani kuvuka ukumbi akae naye tu. Lakini Yareli alikuwa ameitwa.

Alisema vizuri. Mungu wangu, alisema vizuri! Alisimulia shule, alisimulia uuguzi, alisimulia wagonjwa wanaokosa watu wa kuwahudumia. Akafika pale. Nilikuwa na miaka mitatu. Sikuvunja sheria yoyote. Si kosa langu. Hakuharakisha. Watu walipiga makofi, hata upande wa Stiles wachache walipiga. Bi Pruitt alikuwa anafuta macho. Eduviges alikuwa amejiandaa kwa neno lile kama mtu anayejiandaa kwa sindano, likaingia, likapita.

Ila Whitlock aliinua kidole. Hakuwa mtu wa kuacha makofi ya bure yapite bila yeye kupata lake.

"Binti, nakubaliana nawe," alisema. "Wewe huna kosa. Lakini yupo mwenye kosa, sivyo? Aliyekuleta. Hebu niambie kwa uaminifu, maana unaonekana msichana mwaminifu. Yeye naye apewe makaratasi, au sheria ifuate mkondo wake?"

Hilo Bi Pruitt hakuliandaa. Yareli alishika maiki kwa mikono miwili. Alitazama mbele, akatazama ubao wa kuandikia magoli. Nyuma hakutazama. Eduviges kule nyuma alikuwa ananong'ona moyoni: nyamaza. Nyamaza, mwanangu. Usijibu.

"Sheria ni sheria, Mheshimiwa," Yareli alisema. "Mimi najiombea mwenyewe tu."

Makofi yaliyofuata hayakuwa ya upande mmoja. Stiles alisimama. Watu wote wa ule mstari wa nyuma walisimama, na aliyebaki amekaa angeonekana. Eduviges akasimama, mikono yake iliyokakamaa kwa kisu akaigonganisha, akapiga makofi na wenzake. Chela peke yake alibaki kitini amekunja mikono, anamtazama shoga yake kwa macho ya msiba.

Garini Chela aliendesha, meno ameyabana. Yareli alikaa mbele.

"Yule mbunge alikuuliza nini mwishoni?" Eduviges aliuliza. Kwa nini aliuliza? Labda alitaka kumpa nafasi. Labda alitaka kumuumiza. Mtu akiumizwa hachagui.

"Aliniuliza..." Yareli alitazama dirishani. "Aliniuliza nani amenilea vizuri hivi. Nikamwambia wewe."

"Ahaa," Eduviges alisema. "Mungu ambariki."

Chela alipiga honi, na mbele yao hapakuwa na gari.

Tangu siku ile mambo ya nyumbani yaligeuka. Yareli aliacha kula mezani. Akawa anaamka mapema kufua nguo za kiwandani za mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiombwa, na akiitwa anaitika, "Abee, Mama," kwa adabu kama mpangaji anayedaiwa kodi. Eduviges alimpikia maharage ayapendayo, yakalala sufuriani. Kulikuwa na siku alitamani kumzaba kofi, na kuna siku alitamani kumfunga tena mgongoni. Hakufanya lolote. Walisubiri kura, wote wawili, maana mswada ukipita labda kila kitu kitakuwa kimelipiwa.

Mswada haukupita. Taarifa ilikuja redioni asubuhi moja, Eduviges anageuza tortilla, chapati ya mahindi ya kwao, Yareli amesimama mlangoni na kikombe. Whitlock alikuwa amesema hapana. Mtangazaji akamuuliza sababu, na sauti ile ya asali ikatoka kwenye redio ya jikoni:

"Niliwasikiliza watu wangu. Hata binti mmoja katika hao hao walioletwa wadogo, msichana mwaminifu kabisa, alisimama mbele yangu akaniambia sheria ni sheria. Mimi ni nani nimpinge?"

Tortilla iliungua. Yareli aliweka kikombe chini, na kwa mazoea yale ya tangu darasa la kwanza, akafungua mdomo atie asali. "Anasema, Mama... anasema watajaribu tena mwa..."

"Usinitafsirie," Eduviges alisema. Alisema kwa Kiingereza. Kiingereza cha kiwandani, kigumu, chenye lafudhi ya nyapara.

Yareli alimkodolea macho. Ukaonekana usoni mwake mji mzima unabomoka: daktari, mwenye nyumba, mwalimu, Bi Pruitt, ukumbi.

"Siku ile," alisema. "Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulipiga makofi. Nilikuona nilipogeuka. Nilidhani hujaelewa."

"Nilipiga."

Yareli aliteleza chini ukutani, akakaa sakafuni kama mtoto. "Nilikuuza, Mama," alisema. "Nilikuuza, na hawakununua."

Eduviges alizima jiko. Maneno ya kumwambia mtoto anayelia anayajua kila mama: yamepita, usijali, haikuuma. Aliyatafuta, na yalikuwepo, akayakataa. Miaka yote alikuwa amemezeshwa asali na kuitikia kwa kichwa. Hakutaka kuipika yeye.

"Iliuma," alisema. "Usije ukadhani haikuuma."

Alivuta viatu vyake vya mpira, akakaa kitini kuvivaa, maana zamu haingoji kilio cha mtu. Alihangaika na kiatu cha kushoto kwa muda mrefu.

"Kuna mwanamke pale kiwandani, Refugio," alisema, bila kuinua kichwa. "Alinisingizia mambo mazito. Hatusemezani, hatusalimiani, tunasimama bega kwa bega kama vizuka. Mkanda ukisimama, Gaddis anakuja anambwekea usoni: kosa la nani? Naye Refugio anajua ni langu. Mara ngapi limekuwa langu! Ananichukia, Yareli, ananichukia kabisa. Na hajawahi kunitaja."

Alisimama, akachukua mkoba, akamruka binti yake pale mlangoni.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema, akaenda kazini.