Mfuko wa Mkono Mzima

Tangu kiharusi kimpige, Mama Pindo alikuwa mfungwa nyumbani kwake mwenyewe, bila kufuli wala askari. Alishinda kitini karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani, umemnunia. Mkono huo ndio ulioshika mkasi miaka yote, na fundi nguo asiyekata ni fundi gani? Wifi yake keshaanza kuiulizia cherehani, eti isije ikaota kutu.

Mkono wa kushoto ukajitia kimbelembele. Ukalisha, ukachana nywele, ukafunga vifungo. Mumewe, fundi rangi mstaafu, akafurahi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakufurahi hata kidogo.

"Mama, mkono haujafa. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma. Sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi hiyo, lakini ubongo hauhangaiki na kiungo kisichotumika. Huu mzima tutaufunga mchana kutwa."

"Yaani mnifunge tena?"

"Ndiyo, mama. Usiku utafunguliwa."

Mumewe akashona mfuko, akauvika mkono wa kushoto, akaufunga kwa kamba. Mama Pindo akaifungua kwa meno. Siku ya pili mzee akaushona mdomo wa mfuko kwa sindano, mkono ukiwa ndani.

Hapo ndipo Mama Pindo alipoijua jela. Chai ilimmwagikia. Inzi alitua puani akatembea atakavyo. Alilia kwa hasira, akamporomoshea mumewe matusi ambayo mzee hakujua kuwa mkewe anayajua.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni ule mshono. Ulikwenda kombo kama njia ya mlevi, na uzi ukaachwa unaning'inia. Hilo hakuweza kulivumilia. Bila kufikiri akaupeleka mkono wa kulia. Bega likatangulia, mkono ukaburuzika juu ya meza, vidole vikagoma. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Alasiri nzima gumba na kidole vilitafutana, vikapishana, vikatafutana tena, mpaka vikaubana uzi. Akavuta. Mshono mmoja ukafumuka.

"Mume wangu! Njoo uone!"

Mzee akaja mbio, akaona, machozi yakamlengalenga. "Umepona, mke wangu! Yamekwisha!" Akachukua mkasi, akaukata mfuko wote.

Mkono wa kushoto ukachomoka. Kabla hata hajaamua, ukaunyakua mfuko ule na kuufumua mshono uliobaki kwa mivuto miwili mitatu. Wa kulia ukateleza mezani, ukarudi mapajani, ukatulia. Mama Pindo akauambia uinuke. Haukuinuka.

Mzee akabaki na mkasi mkononi. "Nilidhani nakusaidia," akasema.

"Najua." Mama Pindo aliutazama mkono wake wa kushoto, huru, unakunjuka na kukunjika utakavyo, na akauogopa. Akamnyooshea mumewe mkono huo.

"Shona mwingine," akasema. "Na ushone vibaya vilevile."