Seva Iliyojisikiliza Peke Yake

Hili hamtaliamini, na sitawabembeleza. Mpwa wangu huyu hapa, aliyekaa kimya kama gunia, ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Tangu tumzike dada yangu, mama yake, anakula bila kuonja na anaitikia bila kusikia.

Asubuhi moja zahanati ya tawi, ng'ambo ya mji, ikashindwa kuingia kwenye seva. Bila seva, hawaoni rekodi ya mgonjwa hata mmoja. Mkurugenzi akasimama mlangoni.

"Mpaka saa sita. Ikishindikana naita kampuni, na wewe ukapumzike."

Kupumzika kwa lugha ya maofisini si kulala, mnanielewa. Mwingine angelowa jasho. Yeye akasema "sawa", kama mtu aliyeambiwa nje kuna mawingu.

Akampigia karani wa tawi.

"Jaribu tena, dada. Inakuweka ungoje, au inakukatalia papo hapo?"

"Papo hapo. Hata salamu haipokei."

"Basi njia ni nzima."

Ukuta wa ulinzi wa mtandao, ule unaochuja wanaoingia, ukizuia, humeza ombi kimya kimya, ungoje mpaka uchoke. Ukikataliwa haraka hivyo, umeifikia mashine, ila mlangoni hakuna anayekusikiliza.

Akaingia chumba cha seva, penye baridi ya kugandisha mate. Akijaribu humo ndani, inafunguka vizuri. Akatazama mipangilio. Seva ilikuwa imeamriwa ijisikilize yenyewe tu, kama kompyuta ya majaribio anayoitumia fundi peke yake. Aliyeamuru? Yeye. Jana yake, siku ya kwanza kutoka msibani, alinakili mipangilio ya kompyuta ya majaribio akaibandika kwenye seva yenyewe, akaiwasha upya. Mikono ilikuwa kazini, kichwa kilibaki makaburini. Hakulia wala hakucheka. Akasahihisha mstari.

Ili ushike, lazima seva izimwe na kuwashwa, na wote waliomo watoke, yaani wa hospitalini, ambao skrini zao zimechomekwa moja kwa moja kwenye seva. Akamwendea mfamasia dirishani.

"Baba, nipe dakika moja."

"Foleni hii itanila nyama, binti yangu. Haya, zima."

Karani akapiga: imefunguka. Mpwa wangu akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, akasema kosa ni lake. Jamani, mkurugenzi akavua miwani, machozi yakamtiririka, akaita wafanyakazi wote uani, wakambeba juu juu huku madaktari wakipiga vigele—

"Mjomba. Alisema 'haya, usirudie', akaendelea na chai yake."